Mashine Mbili na Pigo la Nne

Hadithi hii mpelekee yeyote ambaye mzazi wake huamka peke yake. Lakini isome kwanza wewe, hadi mstari wa chini kabisa.

Kule Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alikuwapo mzee aliyeitwa Anaeli. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kuonja kahawa katika kiwanda kimoja mjini Moshi. Alipangiwa vikombe mezani, akavuta kijiko kimoja kimoja kwa kelele, akatema, kisha akasema kahawa hii ni ya daraja gani. Alipostaafu alirudi nyumbani na mashine ndogo ya kahawa na sheria moja.

Mashine hiyo ilikuwa ya shaba na chuma, haina waya wala swichi. Ilitoa ile kahawa nzito ya kikombe kidogo iitwayo espreso. Mzee alisaga kahawa kwa kinu cha mkono, akaushindilia unga ndani ya kichujio chenye mpini wa mbao, akakifunga kichujio kwenye mashine na kuijaza maji ya moto. Kisha aliushika wenzo mrefu wa chuma kwa mikono miwili, akauvuta hadi chini. Springi ilipoupandisha taratibu, kahawa ilidondoka nyeusi, juu yake povu la rangi ya asali.

Akishamaliza, alikigonga kile kichujio kwenye ukingo wa sanduku la mbao ya mti wa mringaringa ili machicha ya kahawa yadondoke humo. Ko. Ko. Ko. Mara tatu, wala si mbili wala nne.

Sheria yake nayo ilikuwa hii: asisemeshwe kabla hajaonja kikombe cha kwanza.

"Ukimsemesha mwonjaji, ulimi unahama," alikuwa akisema.

Basi nyumbani kwake shikamoo ya asubuhi ilitolewa kwa sauti ya chini, na aliyeitoa aliendelea na shughuli zake. Marahaba ilikuja baadaye, kahawa ikishaonjwa. Watoto wake wawili, Kundaeli na Eliakunda, walizoea hivyo, na hawakuona ajabu.

Mkewe alifariki mzee akiwa na miaka sitini na tisa. Kundaeli, mwana wa kwanza, alikuwa Dar es Salaam kikazi. Eliakunda na mumewe Aminieli walikuwa wamejenga chini ya shamba, hatua arobaini na mbili kutoka jikoni kwa mzee. Hatua hizo zimepimwa, si za kukadiria.

Tangu msiba ule, Eliakunda aliamka kila siku kabla ya saa kumi na mbili. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, peku, ameshika kitasa, anasikiliza. Hakumwambia mtu anasikiliza nini. Hakuondoka mpaka yaje yale mapigo kutoka juu. Ko. Ko. Ko. Hapo alishusha pumzi, akaingia ndani kuwasha moto.

Aminieli alijua. Siku nyingine alimwita kutoka kitandani.

"Mama watoto, baba yako hajafa. Njoo ujifunike."

"Usilitaje hilo neno asubuhi."

"Nilitaje saa ngapi?"

"Usilitaje kabisa."

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Hakuna asubuhi hata moja ambayo mapigo yalipungua au kuzidi.

Kisha mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Asubuhi moja ya Julai wenzo ulimponyoka ukiwa chini. Springi ikaurusha juu kwa nguvu zake zote, ukampiga kidevuni.

Eliakunda alisubiri mlangoni. Kukakaa kimya. Akahesabu hadi hamsini, akahesabu tena, kisha akakimbia. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti, amebana kitambaa cha vyombo kidevuni, damu inamtiririka hadi kwenye kola.

"Baba!"

Mzee aliinua kidole. "Sijaonja bado," alisema. "Usinisemeshe."

Alishonwa nyuzi tano.

Kundaeli alipanda basi la asubuhi kutoka Dar. Jumamosi walikaa kikao, mzee, watoto wake wawili na Aminieli, jikoni, ile mashine iko mezani katikati yao.

"Hii si mashine ya kahawa," Kundaeli alisema. "Hii ni punda. Inapiga teke."

"Punda huyu nimeishi naye zaidi kuliko nilivyoishi na wewe," mzee akajibu.

"Ndiyo maana amekuchoka, Baba. Niwaletee ya umeme. Inasaga yenyewe, inachemsha yenyewe, hakuna wenzo, hakuna birika la moto. Wewe unakuta kikombe kimejaa."

"Na umeme ukikatika?"

"Utarudi."

"Na ikiharibika? Hii ya mkono nikiisikia inalia najua inalia wapi. Hiyo yako fundi wake yuko wapi?"

"Dar."

"Basi kahawa yangu itakuwa inasafiri kwa basi."

Aminieli alicheka peke yake. Eliakunda alikuwa ameutazama wenzo, kisha zile nyuzi tano. Aliogopa pande zote mbili. Mashine ya mkono ikibaki, kesho lingeweza kuumia jicho, au birika zima la maji ya moto kifuani. Mashine ya umeme ikija, kuna kitu kingeondoka, na kitu hicho hakuwa amewahi kumtajia mtu. Aliona aibu kukitaja mbele ya kaka yake.

Mzee alimgeukia Kundaeli. "Nikuulize moja tu. Hiyo mashine yako itajua kama nimeamka?"

Kundaeli alicheka. "Baba, haina haja ya kujua! Hapo ndipo penye raha yake. Inaunganishwa na simu. Mimi nitakuwa Dar, saa kumi na mbili kamili nabonyeza, huku Machame kahawa inashuka. Wewe kazi yako ni kuweka kikombe jioni kabla ya kulala. Hata machicha inayatema yenyewe."

"Inayatema yenyewe," mzee alirudia polepole. Kisha akamtazama binti yake. "Na wewe, mama, unasemaje?"

Wote walimgeukia. Eliakunda alitazama chini.

"Chukua ya umeme, Baba."

"Haya," mzee akasema.

Siku mashine mpya ilipofika, aliifunga ile ya zamani katika kanga ya marehemu mkewe, kichujio na mpini wake humo humo. Aliisukuma chini ya meza, kwenye kona, na lile sanduku la mringaringa pembeni yake.

Asubuhi ya kwanza Eliakunda alisimama mlangoni kama kawaida. Saa kumi na mbili kamili akasikia mngurumo wa kusaga, kisha mvumo, kisha kimya. Harufu ya kahawa ikateremka hadi kwake. Mapigo hayakuwapo. Dakika ile ile simu ikalia kwenye mfuko wa gauni lake. Kundaeli alikuwa ameandika katika kundi la familia:

*Baba ameshakunywa.*

Ndugu wa Arusha wakajibu kwa mioyo, wa Tanga wakajibu kwa mikono inayosali.

Wiki ya pili umeme ulikatika alfajiri. Eliakunda hakusikia mngurumo. Alikimbia hatua zote arobaini na mbili, akajikwaa kwenye mgomba, akafika jikoni magoti yana matope. Mzee alikuwa amekaa na kikombe kitupu.

"Umeme hakuna," akasema.

Aminieli alisimulia habari hiyo hadi kanisani. "Mke wangu ana mbio! Umeme ukikatika anadhani ni mtu."

Watu walicheka, na Eliakunda alicheka nao. Lakini kuanzia hapo alijifunza mambo mawili, yote ya makosa. Kukiwa kimya, ni umeme. Kukinguruma, Baba ameamka. Aliacha kusimama mlangoni. Siku hizo mashine ilimkuta njiani na ndoo, anaenda kukamua, na alipopita dirishani kwa mzee alitoa shikamoo yake kwa sauti ya chini, akaendelea.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Mambo ya ndani ya nyumba yalijulikana baadaye, lakini yanastahili kuwekwa mahali pake.

Mzee Anaeli aliamka saa kumi na moja na dakika arobaini. Alipovuka kizingiti cha jikoni, mguu wa kushoto ulimteleza. Aliangukia nyonga na mbavu, akasikia kitu kimevunjika ndani yake kama kuni kavu. Alijaribu kuita. Mbavu zilimkata pumzi, na kilichotoka mdomoni hakikuweza kufika hata mlangoni.

Hakuogopa sana. Alikuwa ameitazama saa ya ukutani. Alijisemea, ikifika saa kumi na mbili sitasikika, na mwanangu atakuja. Amekuja mbio kila mara. Nivumilie dakika ishirini.

Alilala juu ya saruji ya baridi, akahesabu.

Saa kumi na mbili kamili, juu ya meza, taa ndogo ya buluu ikawaka.

Mashine, ambayo mzee alikuwa ameisahau, ikanguruma. Ikasaga kahawa, ikavuma, ikamimina. Harufu ikajaa jikoni, ikatoka dirishani, ikateremka shambani.

Mzee alisema baadaye kwamba wakati wa kuogopa ulikuwa huo. Alipoanguka hakuogopa hivyo. Aliogopa aliposikia kahawa yake inadondoka kikombeni.

Kisha akasikia hatua. Ndoo ikagongana na jiwe la njiani. Hatua zikafika chini ya dirisha.

"Shikamoo, Baba. Leo inanukia mpaka kwa ng'ombe!"

Alikuwa karibu kiasi kwamba mzee alisikia pumzi zake. Alifungua mdomo. Midomo ilitikisika, sauti haikuja.

Nje Eliakunda alingoja kidogo tu, akatabasamu. Hajaonja bado, aliwaza. Hasemeshwi.

Hatua zikaondoka.

Simu ikalia mfukoni mwake: *Baba ameshakunywa.* Akajibu kwa kidole gumba. Akakamua, akamwandalia Aminieli chai aende kazini, kisha akachukua mundu na kamba, akashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Nyumba zote mbili zikabaki bila mtu wa kusikia.

Ndani, kikombe kilipoa juu ya meza. Kutoka kwenye kizingiti hadi kona ya chini ya meza ni hatua nne. Mzee alizivuka kwa kiwiko kimoja, kwa muda wa karibu saa tatu. Mara mbili alizimia. Alipozinduka mara ya pili hakujua kama bado ni asubuhi. Aliona pindo la kanga ya mkewe, akalivuta.

Saa nne kasoro dakika kumi Eliakunda alirudi na mzigo wa majani kichwani. Aliutua zizini, akachukua ndoo ya maji. Hapo akasikia kutoka juu:

Ko.

Ko.

Ko.

Moyo wake ulifurahi kwanza, kisha ukakasirika. "Mzee mkaidi," alisema kwa sauti. "Amemtoa punda wake." Akawaza jinsi atakavyomsemea kwa Kundaeli, akainua ndoo, akapiga hatua mbili.

Ko.

Alisimama.

Alikuwa ameyahesabu mapigo yale kwa miaka kumi na miwili. Alijua sauti yake, nafasi kati yake, na mwisho wake. Hakuwahi kusikia pigo la nne.

Ko, likaja la tano, dogo kuliko yote.

Aliitupa ndoo.

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Aliupiga bega mara moja, mbili, akauchomoa mundu kiunoni, akauingiza kwenye ufa na kulikwanyua komeo pamoja na misumari yake. Kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa baba yake. Kilikuwa kikombe mezani, kimejaa hadi ukingoni, kimefanya utando.

Baba yake alikuwa chini ya meza, uso wa majivu, mkono umekamata ule mpini wa mbao, bado unapanda na kushuka juu ya sanduku ingawa hakukuwa na nguvu tena ya kutoa sauti.

Majirani walikuja kwa mayowe yake, wakaung'oa mlango ule ule na kumbeba juu yake. Gari likiwa njiani kwenda hospitali, Eliakunda alimpigia kaka yake.

"Uliandika Baba amekunywa."

"Ndiyo, simu iliniambia tayari."

"Tayari ni kahawa, kaka. Baba alikuwa sakafuni."

Upande wa pili kukasikika mtu mzima analia ofisini mbele za watu.

Daktari alisema saa moja zaidi kwenye saruji ile na wangekuja kuchukua maiti. Mzee alilazwa wiki sita. Alirudi nyumbani na mkongojo, amekonda, lakini ulimi wake uko pale pale.

Walikaa tena kikao, watu wale wale, meza ile ile. Safari hii mashine zote mbili zilikuwa juu yake. Kundaeli hakusubiri kuulizwa. Alichomoa waya wa ile ya umeme.

"Hii naitupa korongoni leo."

"Irudishe waya wake," mzee akasema.

"Baba, ilitaka kukuua!"

"Haikutaka kitu. Uliiagiza isage, ikasaga. Na mimi siwezi tena kumvuta huyu punda, nyonga haikubali. Mkitupa zote mbili nitakunywa nini, chai?"

Aminieli alitaka kucheka, akamtazama mkewe, akaacha. Eliakunda alisimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Kuna jambo sikulisema siku ile. Baba, mimi nilikuwa nasikiliza mapigo yako. Kila asubuhi, tangu Mama afariki. Nilijua machicha yakigongwa uko hai. Niliona aibu kusema. Nikakwambia uchukue ya umeme."

"Najua," mzee akasema.

"Unajua nini?"

Mzee alikichukua kichujio cha zamani, akakipima mkononi.

"Machicha yaliyoshindiliwa vizuri hutoka kwa pigo moja. Hakuna mwonjaji anayegonga mara tatu, ataonekana mwanafunzi." Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Wiki ile tuliyomzika mama yenu nilikuona kutoka dirisha hili. Umesimama mlangoni kwako, peku, umeshika kitasa. Nikagonga mara moja, machicha yakadondoka. Hukuondoka. Nikagonga tena. Hukuondoka. Nilipogonga ya tatu, ukaingia ndani. Basi nikajua ni tatu. Pigo la kwanza lilikuwa la kahawa. Mawili yalikuwa yako."

Kundaeli aliurudisha waya taratibu mahali pake.

"Mbona hukutuambia tulipokuwa tunachagua?" aliuliza.

"Niliuliza kama mashine itajua nimeamka. Ukacheka." Mzee akamgeukia binti yake. "Na wewe ningekuambiaje? Mwanangu, najua kila asubuhi unasikiliza kama nimekufa? Neno hilo hulitaki hata mumeo alitaje."

Uamuzi ulikuwa wa mzee mwenyewe. Mashine ya umeme ilibaki mezani, na inatoa kahawa nzuri; yeye anaipa daraja la pili. Lakini Kundaeli aliiondoa kwenye simu yake mbele ya wote, na siku hizi haiwaki mpaka kidole cha mzee kiibonyeze. Komeo la ndani halikurudishwa.

Na kila asubuhi, kikombe kikishajaa, mzee hukichukua kile kichujio cha mkono, kitupu, akakigonga kwenye sanduku la mringaringa. Ko. Ko. Ko. Hana machicha ya kukung'uta.

Hatua arobaini na mbili chini yake, Eliakunda husimama na ndoo yake, na kabla hajaenda zizini huigonga kwa kipini cha kata ya kuchotea maji. Mara tatu. Maana mzee naye, amekiri sasa, alikuwa akiogopa kimya cha upande wa pili.

Marahaba huja baadaye, kahawa ikishaonjwa.

Funzo: Kabla hujamwondolea mzazi wako kazi ya mikono yake, uliza kazi hiyo ilikuwa inakuletea habari gani; mashine itampa kahawa, lakini haitakuambia kama yuko hai wa kuinywa.